Tumemshukuru paka, tumemsahau aliyesoma rasimu (uzi mrefu)

#1 Wino Mkavu

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Wiki iliyopita nilikaa kuandika ukurasa wa shukrani wa kitabu changu cha kwanza. Nikaanza na wazazi, kama ilivyo ada. Nikaja kwa mwenzangu aliyevumilia taa kuwaka hadi usiku wa manane. Nikamtaja mwalimu aliyenifundisha kuandika insha. Nikamtaja na paka, maana alizoea kulala juu ya mswada, nikaona ni mzaha mzuri. Kesho yake naupitia, nikashtuka: kuna mama mmoja aliyesoma sura yangu ya nne mara sita, na hayumo.

Mara sita, jamani. Hatuna undugu, sikuwa nimemfanyia lolote, na hakulipwa chochote. Alikuwa mratibu wa kikundi chetu cha waandishi. Tulivyokubaliana, kazi yake ilikuwa kufungua kikao, kugawa muda na kukifunga. Mengine yote aliyabeba kwa sababu yalikuwa chini na hakuna mwingine aliyeinama kuyaokota.

Sura yenyewe ina baba anayejifanya amelala wakati binti yake anaingia nyumbani usiku. Nilikuwa nimeijaza maelezo: baba alivyohisi, baba alivyokumbuka, baba alivyojuta. Kikaoni wenzangu wakasema "nzuri sana, endelea". Yeye akaandika pembeni: "Hapa nilimwamini huyu baba. Mstari unaofuata nikaacha kumwamini." Basi. Nilinuna siku tatu. Ya nne nikafuta aya mbili nzima, na mpaka leo kila aliyesoma mswada ananitajia mahali hapo.

Watu husema "ana kipaji cha kusoma kazi za wengine". Kipaji kipo, sikatai, lakini kikubwa ni muda. Sura ya maneno 3,000 ukiipitia juu juu, dakika 15 zinatosha. Ukiisoma ili umpe mwenyewe neno la kumsaidia, lazima uirudie, usimame, ujiulize kama kilichokukwaza ni kosa la mwandishi au ni ladha yako tu, halafu utafute namna ya kulisema ambayo haitamfanya atupe kalamu. Hapo jioni imekwisha. Sasa weka wanachama wanane, kila mmoja na sura yake kila mwezi. Na huyo msomaji naye ana ajira, ana familia, ana siku za kuumwa kichwa.

Siku moja akatuandikia kwamba anapumzika kidogo. Tukammiminia "asante sana" na vikatuni vya mikono iliyounganishwa, kama thelathini hivi. Kabla hata asante hizo hazijapoa, mtu akauliza chini yake: "Jumamosi nani anafungua kikao?"

Hakuna aliyejibu. Kikao hakikufunguliwa Jumamosi ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata hiyo.

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Sisi hatukumpiga teke. Tulimpigia makofi akiwa mlangoni, na sijui kama kuna tofauti kubwa. Sasa nauliza: watu wa aina hii wanashukuriwaje? Msinijibu "tuwathamini". Niambieni namna.

#2 Nukta Nundu

Nimeshika kiti cha mbele. Endelea mkuu.

#3 Mstahiki Koma

Mleta uzi, nitakukera kidogo, unisamehe.

Tenda wema nenda zako. Anayejitolea kisha akakaa kuhesabu asante ngapi zimeingia, huyo alikuwa anafanya biashara na bei yake hakuisema. Na kuna lile la mgema akisifiwa. Nimeliona kwa macho yangu: kikundi kimoja nilichokuwamo kilianza kutoa vyeti vya "msomaji bora wa mwezi". Mwezi wa tatu watu walikuwa wanaandika maoni marefu, matupu, ili wahesabiwe. Aliyekuwa anasoma vizuri kimya kimya hakupata cheti hata kimoja, akaondoka. Tuliharibu kitu kilichokuwa kinakwenda kwa kutaka kukishukuru.

Huyo mama alipenda kusoma. Akachoka, akapumzika. Tatizo liko wapi?

#4 Bi Aya

Koma, la vyeti nakuunga mkono. La "tatizo liko wapi", hapana.

Tatizo liko hapa: watu hawa ndio kikundi chenyewe, ila hatulijui hilo mpaka waondoke. Chukueni NaNoWriMo, lile zoezi la kuandika maneno 50,000 ndani ya Novemba. Lilianza 1999, Chris Baty na wenzake, watu 21 kwa jumla, eneo la San Francisco. Mwaka wa pili likahamia Novemba, na baadaye likaenea duniani. Ukigawa, ni maneno 1,667 kila siku kwa siku 30. Hesabu rahisi, mwili haukubali. Ikifika wiki ya pili hadithi inanuka, mhusika mkuu humtaki, na unaanza kusafisha makabati.

Kilichotuvusha wiki ya pili hakikuwa tovuti. Ni wale waratibu wa kujitolea wa maeneo, waliotafuta ukumbi wa maktaba, wakatuweka mezani, wakashika saa: dakika 15 andika, usifute, dakika tano pumzika, haya tena. Mmoja wetu alikuwa anaandika maneno mia moja kwa robo saa na anaona aibu kuyataja. Mratibu wetu akawa anasoma idadi kuanzia ndogo kwenda kubwa, ili mdogo apigiwe makofi kwanza. Nani alimfundisha? Hakuna mwongozo uliosema hivyo.

Machi 2025 taasisi iliyokuwa inaendesha zoezi hilo ilitangaza kwamba inafunga, na ukata ulikuwa mmojawapo wa sababu walizoeleza. Nilisikitika. Lakini Novemba ilipofika meza yetu ilijaa kama kawaida, kwa sababu aliyekuwa anashika saa alikuja. Yule asingekuja, hata tovuti ingekuwepo tusingekaa.

#5 Nukta Nundu

"Hadithi inanuka" 😂 Bi Aya umeniona.

#6 Karani wa Kale

Habari zenu. Naomba nichangie kwa mfano wa zamani, maana naona tunajadili kama vile jambo hili lilizaliwa na intaneti.

Mwaka 1879 James Murray, mhariri wa ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alitoa wito kwa umma. Alihitaji wasomaji. Unachukua kitabu, ukikutana na neno limetumika kwa namna inayolionyesha vizuri, unanakili sentensi kwenye kikaratasi, unaandika kitabu na ukurasa, unamtumia kwa posta. Hakuna malipo. Vikaratasi vilikuja kwa mamilioni, akavipanga kwenye vijishimo vya mbao ndani ya banda la mabati alilolijenga nyumbani kwake kwa kazi hiyo. Mmoja wa waliotuma kwa wingi, William Chester Minor, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi la Marekani, alivituma akiwa amefungiwa Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Uingereza. Murray alifariki 1915. Kamusi ilikamilika 1928.

Ninalotaka kulisema ni dogo. Wasomaji wale walichapishwa. Ukifungua dibaji za juzuu zile unakuta majina, moja baada ya jingine, watu ambao leo hakuna anayewajua kwa lolote jingine. Kwa hiyo, ndugu Wino Mkavu, kama kitabu hakijaenda kiwandani, mtoe paka.

#7 Mstahiki Koma

Mzee Karani, heshima yako. Ila wale walisoma vitabu vilivyokwisha kuhaririwa. Hawakusoma sura ya kwanza ya mtu inayoanza na mhusika akiamka na kujitazama kwenye kioo.

#8 Karani wa Kale

Hilo nakubali bila kupinga.

#9 Wino Mkavu

Paka ametolewa 😅. Kitabu hakijaenda, nina siku chache. Lakini Mzee Karani, jina kwenye ukurasa naliona ni kidogo sana kwa kazi ile. Yeye mwenyewe atalisoma mara moja.

Koma, sura yangu ya kwanza inaanza na kioo. Nakushukuru.

#10 Tungo Tata

Mimi natoka upande ambao waandishi wengi wa "maana" huudharau: hadithi za mashabiki, zile ambazo mpenzi wa kitabu au filamu anazitunga kwa wahusika walewale. Archive of Our Own, wengi mnaijua kwa kifupi, AO3, ni hifadhi ya hadithi hizo mtandaoni, na haina matangazo. Inaendeshwa na watu wa kujitolea na michango ya wasomaji. Kuna kazi moja pale ambayo ukiielewa utanyamaza kidogo.

Kila mwandishi anaandika lebo za hadithi yake anavyotaka. Mmoja ataandika jina la mhusika kamili, mwingine la utani, wa tatu atakosea herufi, wa nne ataweka sentensi nzima ya kujilalamikia. Kwa utaratibu wa kawaida wa kompyuta hizo ni lebo nne tofauti. Pale kuna watu, binadamu, wanaokaa na kuziunganisha moja moja, ili msomaji akitafuta moja azipate zote. Mwandishi habadilishiwi alichoandika. Mshono hauonekani. Na kwa kuwa hauonekani, hakuna anayeandika "asante kwa lebo".

Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipewa tuzo ya Hugo, ile kubwa ya hadithi za kisayansi na za kifantasia, huko Dublin. Naomi Novik, mmoja wa waanzilishi, alipopanda jukwaani aliomba taa za ukumbi ziwashwe, na kila anayejiona ni sehemu ya jumuiya ile asimame. Watu wakasimama, viti huku na kule. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Sasa Koma, pale hakuna aliyegombea cheti. Taa ziliwashwa tu.

#11 Mstahiki Koma

Hiyo nimeipenda. Sitaki kuipenda, lakini nimeipenda.

#12 Mtunza Jedwali

Nimesoma uzi mzima kabla ya kujisajili. Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili. Nimeratibu kikundi kwa miaka saba, kwa hiyo niruhusuni niongee kama maiti anayehudhuria matanga yake.

Kwanza, kusoma hakutuchoshi. Naomba hilo liingie. Kusoma ndiyo sababu ya kuwepo. Kinachochosha ni kukimbizana. Kumkumbusha mtu mara tatu kwamba zamu yake ya kuleta kazi ni kesho. Kusikia saa mbili kabla ya kikao kwamba "nimepata dharura", na dharura hiyo ina picha kwenye mitandao. Kusuluhisha wawili waliogombana juu ya koma (samahani Mstahiki). Mtu kukutumia mswada wa maneno 100,000 saa nne usiku na asubuhi akuulize umefika wapi. Na kuna aina moja inanimaliza kabisa: anayeleta kazi yake, anasomwa na watu saba, anashukuru kwa unyenyekevu, halafu wiki ya wengine haonekani. Huyo asante yake nzuri sana. Ningempa asante zake zote azibebe kama angesoma kurasa tano za mwenzake.

Pili, mnachanganya mambo mawili, na mkiyachanganya sisi ndio tunaoumia. Kuna kusoma kama mwenzako, nikakuambia nilichoka wapi, nilicheka wapi, wapi sikuelewa. Na kuna uhariri, mstari kwa mstari, na usahihishaji wa mwisho kabla ya kuchapa. Hiyo ya pili ni taaluma na ina malipo yake. Mwanachama akikuomba uihariri riwaya yake yote "kwa moyo wa kujitolea", anakuomba umfanyie kazi ya mshahara. Nilikubali mara mbili. Mara ya tatu nikajifunza kusema: "Nitasoma sura mbili kama msomaji, nyingine tafuta mhariri." Alinuna. Tuko salama.

Tatu, kuhusu namna, maana mleta uzi kauliza namna. Miaka saba, nakumbuka shukrani mbili. Moja ni ya kijana aliyenitumia aya moja, ya kabla na ya baada, akaandika: "Uliniambia mwisho huu unajieleza. Nimeuacha hapa. Bado unajieleza?" Hakuandika neno asante. Nilifurahi wiki nzima. Alikuwa amenisikia, na alikuwa bado anafanya kazi.

Ya pili ni dada aliyeniandikia: "Mwezi ujao jedwali la zamu nalitunza mimi. Nionyeshe mara moja tu." Alilitunza miezi minne. Miezi minne ile niliandika hadithi fupi mbili, za kwanza baada ya muda ambao sitautaja.

Kikombe chenye maandishi sihitaji. Ninavyo vitatu.

#13 Bi Aya

Mtunza, hiyo ya dada wa jedwali ndiyo yenyewe. Umenikumbusha wale wa Distributed Proofreaders, wanaosahihisha vitabu vya zamani kwa ajili ya Project Gutenberg, ile maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya bure. Charles Franks alianzisha mfumo ule mwaka 2000, na ujanja wake wote ni kwamba hakuna anayepewa kitabu. Unapewa ukurasa. Picha ya ukurasa wa zamani upande mmoja, maandishi yaliyosomwa na mashine upande wa pili, unalinganisha, unasahihisha, unaondoka. Kesho mwingine anaupitia uleule kukagua ulichokiacha. Ukiugua wiki mbili kitabu hakifi.

Kwenye vikundi vyetu tunafanya kinyume. Tunampa mtu mmoja kitabu kizima, tunamwita "nguzo yetu", kisha tunashangaa nyumba ikilala chini.

#14 Tungo Tata

Neno "nguzo" lipigwe marufuku. Nani anapenda kuwa nguzo? Nguzo haiendi hata chooni.

#15 Nukta Nundu

Swali la mgeni, msinicheke. Mimi ndiyo kwanza nina miezi miwili kwenye kikundi. Naogopa kutoa maoni kwa kazi za watu walionitangulia. Nitasema nini mimi? Kwa hiyo huwa nakaa kimya na kushukuru. Kumbe mimi ndiye yule wa aya ya kwanza ya Mtunza?

#16 Mtunza Jedwali

Karibu, ndugu yangu. Si wewe. Yule anajua anachofanya.

Huna haja ya kujua kuandika ili useme mahali ulipopotea. Andika: "Ukurasa wa pili sikujua nani anaongea." Hilo mwandishi mzoefu hawezi kujiambia mwenyewe, maana yeye anajua nani anaongea. Wageni hunipa maoni bora kuliko wakongwe, kwa kuwa bado hamjajifunza kusema "mdundo wa nathari". Na kama hata hilo linakutisha, shika saa. Andika nani kasema nini kikaoni. Kuna kazi zisizohitaji kipaji kabisa na ndizo zinazotukausha.

#17 Nukta Nundu

Saa nitashika. Asante mkuu. Samahani, namaanisha: Jumamosi nitashika saa.

#18 Wino Mkavu

Wakuu nimerudi, nina la kuwaambia.

Baada ya kusoma #12 nilimwandikia yule mama. Sikumwandikia asante kwanza. Nilimtumia ile sehemu ya sura ya nne kama ilivyo sasa, na yale maneno yake mawili ya pembeni, nikamwambia nilifuta aya zipi. Nilikaa siku mbili bila jibu, nikajua nimemkera mtu aliyeomba kupumzika.

Jana usiku akajibu. Swali lake la kwanza: "Kwa hiyo baba umemwacha amelala mpaka asubuhi?" Baada ya muda wote huo bado anamkumbuka! Tukaongea juu ya baba yule kama jirani yetu. Halafu, nashindwa hata kulieleza vizuri, nikamuuliza: na wewe, unaandika nini?

Akanyamaza kidogo. Akasema ana riwaya. Sura kumi na moja. Alikuwa nayo tangu kabla hajawa mratibu. Nikamuuliza kikundi kiliisomaje, mbona mimi siikumbuki? Akasema haikuwahi kufika zamu yake. Kila alipojiweka kwenye ratiba, mtu alikuwa na tarehe ya mwisho ya shindano, au mgeni amekuja na haifai mgeni asubiri, yeye akajisogeza nyuma. Akajisogeza nyuma. Mimi mwenyewe niliwahi kuomba nafasi ya haraka mara mbili, na sasa najua nilipewa ya nani.

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekueleza mahali ufunguo ulipo.

#19 Bi Aya

Nimelazimika kuweka simu chini.

#20 Karani wa Kale

Sura kumi na moja, na hakuna aliyezisoma. Siku ukiandika ukurasa wako wa shukrani upya, ndugu yangu, andika na hili la zamu.

#21 Mtunza Jedwali

Nimefungua jedwali langu sasa hivi. Miaka saba, jina langu lipo kwenye safu ya kazi za kujadiliwa mara nne. Wengine wana ishirini na zaidi. Sikuwa nimewahi kuhesabu.

#22 Mstahiki Koma

Wino, mwambie anitumie sura mbili za kwanza. Jumapili sina kitu. Sitaki kujua aliratibu nini wala alisoma za nani. Nitazisoma kama ninavyosoma za mtu yeyote.

#23 Wino Mkavu

Koma, nimemfikishia. Amekubali. Ameomba jambo moja: usiwe mpole.

#24 Mstahiki Koma

Hilo halitanishinda.